Nimelaumu kampuni miezi mitatu, kumbe ruta ilikuwa nyuma ya friji

Nyumba yetu ipo Tabata: vyumba vitatu na sebule, kuta za tofali za sementi. Intaneti tunayolipia ni ya megabiti 20 kwa sekunde. Sebuleni mambo shwari. Chumba cha nyuma, ninakofanyia kazi, hakipiti kikao mtu asiniambie, "Kaka, umeganda tena." Basi kila wiki napiga simu huduma kwa wateja, naambiwa nizime ruta (kile kiboksi kinachogawa intaneti nyumbani) niwashe. Nazima, nawasha, hamna kitu.

Siku moja kijana wa huko, nadhani alishanichoka, akauliza: "Kaka, umeshawahi kupima kwa waya?"

Sikuwahi. Nikachomeka laptopu kwenye ruta: 19.2. Nikachomoa waya, nikapima kwa waifai palepale sebuleni: 15. Nikaenda chumba cha nyuma: 1.7. Aibu ikanishika. Mzigo ulikuwa unafika mlangoni kama nilivyolipia, mimi ndiye niliyekuwa naumwaga njiani. (Na ukipakua faili ukaona 2.4 usidhani umeibiwa. Hizo ni megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8.)

Ruta yenyewe fundi aliiweka pale penye soketi, yaani kwenye kistuli nyuma ya friji, na Mama Aisha akaifunika kwa kitambaa cha kufuma ili isichafue sebule. Kitambaa hakizuii mawimbi, ila ruta ilikuwa inachemka kama pasi. Mbaya ni friji: sanduku zima la bati limesimama katikati yake na chumba changu. Nikaihamishia kwenye korido, juu ya rafu, antena zikiwa wima. Programu ya simu inayopima nguvu ya mawimbi ilikuwa ikisoma -86 chumbani, sasa ikasoma -72. Namba hizo ni hasi, kwa hiyo inayokaribia sifuri ndiyo nzuri.

Programu hiyohiyo ikanionyesha waifai 14 za majirani, karibu zote kwenye chaneli 6 (chaneli ni kama njia ya kupitishia mawimbi), pamoja na yangu. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zinapandiana, zisizogusana ni 1, 6 na 11 tu. Nikaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari ili nifungue mipangilio ya ruta (kwenye ruta yangu anwani hiyo imeandikwa kwenye stika ya chini), nikahamia 11. Humo humo nikakuta vifaa 13 vimeunganishwa. Sisi tuna sita. Sasa nikaelewa kwa nini watoto wa jirani wanapenda kukaa barazani kwetu jioni. Nikabadilisha neno la siri, na lile la kuingilia kwenye ruta pia, maana lilikuwa bado la kiwandani.

Chumbani nikapata 7. Afadhali, lakini video bado ilikuwa inakwama. Masafa ya gigahezi 5 ni ya kasi kweli, TV nimeiwekea hayo, ila ukuta wa pili wa sementi yanakata roho.

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kutafuta waya. Muuzaji akang'ang'ana anipe kifaa cha kurudisha mawimbi: "Bosi, hiki kinaongeza mara tatu!" Vile vya bei rahisi vinapokea na kutuma kwa chaneli ileile, kasi inabaki nusu. Nikakataa. Akaleta waya wa mita 20. Nikaomba kiwembe, nikakwangua unyuzi mmoja. Ndani mweupe, alumini iliyopakwa shaba. Nikamwangalia, akacheka, akaingia ndani akatoka na wa shaba tupu. Bei ilipanda, nikalipa.

Nyumbani nikaupitisha waya juu ya dari mpaka chumba cha nyuma, nikauchomeka kwenye ruta ya zamani iliyokuwa kabatini, ili itoe waifai hukohuko. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima: kwanza nilichomeka tundu la intaneti badala ya matundu ya kawaida, halafu nikasahau kuizima isigawe anwani, yaani namba ambazo kila kifaa hupewa kwenye mtandao. Ruta mbili zikawa zinagombania kazi moja, simu zinaunganishwa lakini hazifungui chochote. Nilipozima DHCP (huo ugawaji wa anwani) kwenye ile ya zamani na kuipa anwani yake, 192.168.1.2, vita vikaisha.

Chumba cha nyuma sasa kinasoma 18.6. Kitambaa kimerudi juu ya friji, ingawa jana nimemkuta Mama Aisha anaiangalia ruta ya korido na kingine mkononi.