Mbalamwezi ya Kibirizi

Kila Oktoba tuzo ya Nobel ya uchumi ikitangazwa, mawazo yangu yanarudi Kibirizi, mwalo wa dagaa wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2021 ndiyo yalizidi. Waliotajwa pamoja na David Card walikuwa Joshua Angrist na Guido Imbens, na mimi makala yao niliwahi kutembea nayo mkobani mpaka ikanuka dagaa.

Waliiandika na Kathryn Graddy, ikatoka mwaka 2000, juu ya soko la samaki la Fulton, New York. Bei ikipanda, wanunuzi wanapunguza kiasi gani? Kulinganisha bei na kilo hakutoshi, maana bei hupanda samaki wakiadimika, na hupanda vilevile wateja wakifurika. Wao wakashika dhoruba ya baharini: inamzuia mvuvi, lakini haimpi mla samaki wa mjini hamu wala haimpunguzii, kwa hiyo bei ikipanda kwa dhoruba, ni samaki walioadimika, si wateja waliofurika.

Nami nilitaka kupima hivyohivyo kwa dagaa, katika tasnifu yangu. Basi asubuhi moja nilishuka mwaloni na daftari. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani, karabai zimeviringishwa matambara. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, hawakusanyiki, hivyo usiku huo hakuna aliyetoka. Ma'mdogo alikuwa na beseni moja la wakavu, anapepeta, vichwa vilivyokatika vinadondokea kwenye kanga aliyoitandika chini.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba. Wabichi leo hakuna, hata ulie."

Nikauliza bei ya wakavu. Ilikuwa imepanda sana tangu siku za giza.

"Mbona hivyo?"

"Kwani mwezi huuoni?"

Nilisimama na kalamu hewani. Dhoruba ya New York, kumbe kwetu inaning'inia angani kila mwezi! Nikamweleza yote kwa furaha, habari za Fulton na za wavuvi wa huko. Alinisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Dhoruba haipigi hodi," akasema. "Mwezi tunaujua sote. Hawa niliwaanika wakati wa giza, nikawaweka. Mama ntilie naye kanunua debe lake mapema. Sasa huyo mnunuzi wako, leo ni yuleyule wa juma lililopita?"

Hapo aligusa sharti gumu kuliko yote katika kazi yetu: kile unachokitumia kupimia, iwe dhoruba au mwezi, lazima kifike kwenye manunuzi kwa kupitia bei peke yake, kisiwe na uchochoro mwingine. Tasnifu niliimaliza kwa dagaa wabichi tu, wasiowekeka, wasimamizi wakaipitisha, nikaajiriwa, nikaanza kufundisha. Lakini mwenye debe la wakavu ndani hawahitaji wabichi kama asiye nalo, na debe hilo alilinunua kwa sababu ya mwezi. Wanafunzi wangu nawapa swali hili kila mwaka. Wapo wanaosema tuhesabu siku tangu mwezi upevuke, wapo wanaosema tuachane na mwezi kabisa, tushike upepo wa ziwani. Upepo unanivutia, ila sijashawishika.

Safari ijayo nitawaomba akina mama wa mwaloni waandike akiba iliyobaki ndani kila jioni, pamoja na mauzo. Ma'mdogo amekubali, kwa sharti kwamba daftari nimnunulie mimi.