Nani hasa aliiua East African Airways?

Kwenye grupu letu la familia la WhatsApp, mjadala wa East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Tanzania na Uganda lililokufa 1977, haufiki mbali kabla mtu hajamtaja Idi Amin. Akishatajwa, basi, kesi imefungwa na watu wanarudi kwenye michango ya harusi. Mimi ni mhasibu, na kazi hii humwachia mtu ugonjwa wa kuuliza hela ilikuwa inaingilia wapi na kutokea wapi. Ukiuliza hivyo, Amin anajikuta wa tatu au wa nne kwenye foleni ya watuhumiwa.

Mengi ninayoyajua yalianzia kwa bamkubwa. Alikuwa fundi wa ndege Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, Mchaga wa Moshi aliyeoa Nairobi na kulea Nairobi, na Kiswahili chake bado kina lafudhi ya Nairobi. Hakuwa anasema "VC10" kama sisi. Aliziita kwa herufi za usajili, kama mtu anavyoita wanawe: MMT, MOG, ADA, UVA, UVJ. Hizo ndizo Super VC10 tano za shirika, jeti kubwa za Kiingereza za safari ndefu, na ukitaka kulielewa shirika lenyewe, soma kilichotangulia herufi hizo. 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. MMT na MOG ziliandikishwa kwetu Tanzania, UVA na UVJ Uganda, ADA Kenya. Karakana moja, marubani walewale, simba yuleyule kwenye nembo, lakini kila ndege na pasipoti yake.

Kwa abiria haikuwa na maana yoyote. Mganda alipanda ya Tanzania kwenda London, na Mtanzania akarudi na ya Kenya. Lakini mimi nikiona mali ya ubia ambayo kila kipande kimeshaandikwa jina la mbia, najua kuna mtu alishafikiria siku ya kugawana.

Shirika lilianza Januari 1946 likiwa na Dragon Rapide sita, vindege vya mbao na kitambaa, kwa kushikwa mkono na BOAC, shirika la ndege la Waingereza. Kufika 1960, kabla hata bendera zetu hazijapanda, lilikuwa na Comet 4, ndege ya jeti. Mwaka 1966 zikaanza kuja Super VC10, na hapa bamkubwa akianza kusimulia ni vigumu kumsimamisha. Injini nne za Conway, zote mkiani. Mabawa safi, hayana kitu kinachoning'inia. Ilibuniwa kwa viwanja vya joto na vya juu, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege nyingine za wakati ule zililazimika kupunguza mzigo ili zinyanyuke. VC10 haikuwa na shida hiyo. Hizi zetu tena zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni, mbele, ambao ndege za Waingereza wenyewe aina hiyohiyo hazikuwa nao. "Mlango unaingiza gari, mwanangu," husema, akipanua mikono.

Asichopenda kukisema ni kwamba zile Conway zilikunywa mafuta. Ilipofika 1973 na bei ya mafuta ikapaa dunia nzima, kila safari ya London ikawa na bili nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye hela. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Kampala, Juni 1967, uligawanya makao makuu ili kila mtu apate kitu: bandari Dar es Salaam, posta Kampala, reli Nairobi, sekretarieti Arusha. Ndege zilibaki Nairobi. Maana yake karakana ilikuwa Nairobi, ajira nyingi Nairobi, na mtalii aliyekuja kuona Serengeti alishuka Nairobi, akalala Nairobi, akakodi gari la kampuni ya Nairobi, na kutuachia kiingilio cha getini. Tanzania ililalamika, na ilikuwa na haki. Uwanja wa Kilimanjaro uliofunguliwa Desemba 1971 ulikuwa jibu la malalamiko hayo kwa saruji na lami: watalii washukie kwetu moja kwa moja.

Lakini Kenya nayo ilikuwa na hesabu zake, na hizi hatupendi kuzisikia. Nchi yetu ni kubwa, miji iko mbalimbali, na wakati ule barabara ya kusini masika ilikuwa matope matupu. Dakota na Fokker Friendship zilizokwenda Mtwara, Songea, Tabora zilikuwa zinatoa huduma, hazitengenezi faida. Faida ilitoka safari za nje, ambazo nyingi zilianzia Nairobi. Kwa hiyo Mkenya aliona analipia nauli ya Mmakonde, na Mtanzania aliona jasho lake linajenga Embakasi. Wote wawili walisema kweli.

Amin alichofanya ni kuondoa meza. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye kikao kimoja, na kwa mujibu wa mkataba, marais watatu ndio waliokuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya. Hawakukutana tena. Shirika lenye wenye hisa watatu ambao hawaonani! Hata SACCOS ya mtaani isingevuka mwaka.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Aprili 1972, UVA ilishindwa kuruka Addis Ababa ikiwa njiani kwenda Ulaya. Ilipita mwisho wa njia ya kurukia ikawaka moto. Watu 43 walikufa kati ya 107. Bamkubwa aliifahamu ndege ile kwa mikono, na huwa simuulizi.

Kilichomaliza kazi kilifanyika madawatini. Tiketi ziliuzwa Dar na Kampala kwa shilingi za huko, na hela ikawa haivuki kwenda makao makuu. Kila nchi ilikuwa inabana fedha zake, kila hazina ilikuwa na sababu nzuri, na Nairobi ikabaki na bili za mafuta, vipuri na mishahara ya wote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, na habari zote zilikuwa ndani yake, ila kila mmoja alisoma ukurasa wake tu.

Mwisho wa Januari 1977 ndege zikasimama. Mapema Februari Kenya Airways ikaruka na Boeing 707 za kukodi, jambo ambalo halipangwi kwa usiku mmoja. Uganda ilikuwa imeshaanzisha shirika lake tangu 1976. Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, ikazuia ndege na magari yaliyokuwa upande wetu, na Machi ikaunda Air Tanzania. Kwa hiyo mtu akinijia na Amin, mimi humuuliza: hao wengine wawili walikuwa wanafanya nini?

Kugawana mirathi kulichukua miaka. Mswisi mmoja, Victor Umbricht, alipewa kazi ya upatanishi, akahesabu mabehewa, majengo, ndege na madeni, hadi mkataba ukasainiwa Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mpaka wenyewe ulifunguliwa Novemba 1983 tu. Na wazee waliotumikia mashirika ya Jumuiya waliendelea kufuatilia mafao yao mahakamani na barabarani hapa Dar hadi miaka ya 2000, wakiwa na mikongojo.

Zile VC10 nne zilizobaki hazikuja 5H wala 5Y wala 5X. Zilirudi Uingereza mwaka huohuo wa 1977, na jeshi la anga la huko likazinunua, likazifanya vituo vya mafuta vya angani, za kujazia ndege nyingine mafuta zikiwa hewani. Zilifanya kazi hiyo karibu miongo mitatu. VC10 ya mwisho kuruka duniani, Septemba 2013, ilikuwa MMT yetu, ikiwa imepakwa rangi ya kijivu na kupewa namba ZA147.

Nilimwonyesha bamkubwa video yake kwenye simu. Aliitazama inatua, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Kisha akataka kujua jambo moja: hayo matangi ya mafuta yaliyowekwa tumboni waliyapitishia wapi? Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe kwamba ni kwenye ule mlango wa mizigo, hakuna pengine, na akaanza kunieleza upya, kwa mikono, jinsi ulivyokuwa unafunguka.