Nilivyobadilisha klachi ya MX-5 mwenyewe, na sentimita moja iliyonitesa usiku kucha

Gari yangu ni Mazda MX-5 ya 1996, ile ya injini 1.8 na gia 5 za manyuali, na kabla sijaingia kwenye kazi yenyewe niseme tu ukweli kwamba miezi miwili nzima nilikua najidanganya. Napandisha kilima gia ya nne, nakanyaga mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka toka 3,000 mpaka 4,500 na gari haiongezi mwendo hata kidogo, alafu mimi nasema labda petroli chafu, labda plagi, nikabadilisha plagi, nikabadilisha filta ya hewa, wapi. Injini inavuma kama dume la ng'ombe ila matairi hayana habari.

Kuna mzee mmoja amefanya ufundi miaka mingi, nikampigia simu, shikamoo, marahaba, nikamweleza, akacheka. "Mwanangu hiyo ni klachi, usitafute mchawi." Klachi ndo ile inayounganisha na kuachanisha injini na giaboksi. Akanipa kipimo: simamisha gari tambarare, mbele pawe wazi kabisa, vuta handbreki mpaka mwisho, weka gia ya tatu, panda RPM kama 2,000 alafu achia pedali. Klachi nzima lazima injini izime palepale. Nikaachia mguu wote, injini ikashtuka kidogo ikaendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea, na sekunde mbili baadae ile harufu ikaja, aliyewahi kuunguza klachi anaijua, haifanani na kitu kingine. Nikazima haraka maana hicho kipimo ukikirudia rudia unamalizia kilichobaki.

Hapa wengi wanachanganya so niseme mapema. Kama gia zinagoma kuingia au zinasaga ukiweka rivasi, mara nyingi klachi haiachii, anza kuangalia ile silinda ya chini ya klachi, kwenye hizi gari inavuja sana na ni kazi ya bolti mbili tu. Kama gia zinaingia laini ila injini inapanda bila gari kwenda, hiyo haishiki, pleti (ile sahani ya klachi inayobanwa ili ipeleke nguvu ya injini kwenye giaboksi) imeisha, na hapo hakuna njia ya mkato, giaboksi lazima ishuke.

Na hicho ndo kitu sikua nakielewa. Kubadilisha klachi yenyewe ni dakika ishirini. Kinachokula siku mbili ni vitu vyote vilivyokaa njiani kuifikia.

Nilimwomba shemeji yangu aje anisaidie, akaja Ijumaa jioni akidhani tutamaliza saa nne usiku, maskini. Tukainua gari juu ya stendi nne, na usinyanyue kinyonge, mimi mara ya kwanza niliweka chini nikagundua giaboksi hata ikishuka haitapita chini ya mwili wa gari, ikabidi tuanze upya. Stendi zikikaa nilikua naitikisa gari kwa nguvu zote kabla sijaingia chini, shemeji akasema naogopa, nikamwambia ndio naogopa. Betri tukachomoa waya wa negativu.

Ndani ya gari unaanza na kitasa cha gia, konsoli, raba mbili, alafu ile fimbo ya gia inatoka na bolti tatu. Raba ya chini yangu ilikua imepasuka vipande, ndo maana kiatu kilikua kinaiva nikiendesha safari ndefu, kumbe joto lote la chini lilikua linapanda kupitia pale. Kuna kosa nililifanya hapa, nimetoa fimbo giaboksi ikiwa nyutro. Nitarudi kulielezea baadae kwa sababu lilinigharimu.

Chini tukamwaga oili ya giaboksi, kama lita mbili. Ekzosi ndo ilituonyesha. Nati zimeungua, zimekua za mviringo, tukapuliza dawa ya kutu tukaacha usiku mzima, asubuhi mbili zikatoka, ya tatu ikakatika. Propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda nyuma, ina bolti nne pale kwenye difu (boksi la gia linalozungusha matairi ya nyuma), piga alama ya rangi kabla hujafungua ili irudi ilivyokua, na ukiichomoa nyuma ya giaboksi kuna oili iliyobaki itamwagika shingoni kwako kama mimi, wenye akili wanafunga mfuko wa nailoni na mpira. Silinda ya klachi usikate bomba lake, fungua bolti zake mbili itundike pembeni na waya, utajiepusha na kutoa hewa.

Alafu kuna ile fremu ndefu ya aluminiamu inayounganisha giaboksi na difu, Mazda wanaiita PPF (Power Plant Frame). Gari nyingi za kuendesha nyuma hazina kitu kama hicho. Hii ndo inafanya fimbo ya gia iwe tamu vile, giaboksi na difu zinakaa kama kitu kimoja, ila kuitoa ni balaa maana upande wa difu kuna bushi ya chuma iliyong'ang'ania ndani ya tundu na bolti ikitoka yenyewe haitaki. Tuligonga, tukazungusha, tukapumzika, tukagonga. Kabla ya yote hayo nilichora mistari ya rangi nyeupe pande zote mbili kuonyesha fremu ilikaa wapi. Kama kuna kitu kimoja nilichofanya kwa akili weekend ile ni hiyo mistari.

Fremu ikitoka injini inalala nyuma, weka jeki na ubao chini ya sampu (bakuli la oili ya injini) usiiache ikining'inia, na ikilala ndo unapata nafasi ya bolti za juu za giaboksi. Soketi ya 17, ekstensheni tatu zimeungwa mpaka zinafika karibu mita moja, mkono uko nyuma kabisa karibu na mkia wa giaboksi na soketi iko mbele huko gizani. Nikasikia kriik, nikajua imeachia au nimeivunja. Ilikua imeachia. Bolti moja haikuwepo kabisa, yaani fundi wa mwisho aliyeingia humu aliamua moja si kitu.

Giaboksi ina uzito kama kilo 35 hivi, si nyingi ukiwa umesimama, ukiwa umelala chali ni mlima. Tukaishusha kwa jeki na mkanda. Na pale mwisho, klachi hiyo hapo.

Nilikaa naiangalia kwanza. Bolti sita za presha pleti, ile sehemu inayobana pleti, zikatoka na pleti ikadondoka mkononi, nyepesi kuliko nilivyotegemea. Pleti mpya rebiti zake (pini zinazoshikilia) zimezama ndani ya lainingi, ile tabaka ya kusugua, unapitisha kidole unasikia vishimo. Hii yangu kidole kilipita kama juu ya kioo. Upande mmoja vichwa vya rebiti vilikua vinang'aa, vimeshaanza kula flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini), na kitabu cha gari kinataka lainingi ibaki angalau milimita 0.3 juu ya rebiti. Flaiwili ilikua na madoa ya bluu kama tone la mafuta kwenye maji, hayo ni joto. Vumbi jeusi kila kona, na lile vumbi usilipulize na upepo, lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa na asbesto na hujui nani aliweka nini, mwagia breki kilina lidondoke likiwa limelowa, futa na kitambaa, tupa.

Flaiwili nikaipeleka ikakerezwa uso. Wakati iko huko nikabadilisha sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), haikua inavuja ila umefika hapo kwa tabu ile alafu uache sili ya miaka yote hiyo nyuma ya klachi mpya, hapana. Ile beringi ndogo ya katikati ya krenki nayo iligoma kutoka, sikua na pula, nikajaza tishu zilizolowa maji ndani ya tundu nikagonga na kipande cha fimbo kinachoingia bila kucheza, ongeza tishu, gonga, ongeza, gonga, kama mara nane hivi ikaanza kujisukuma nje yenyewe. Shemeji alikua anarekodi video hataki kuamini.

Kufunga sasa. Bolti za flaiwili zinapakwa siilanti kwenye nyuzi kwa sababu matundu yake yanatokea ndani kwenye oili ya injini, na toki, yaani nguvu ya kukaza, ni kati ya Nm 96 na 103. Pleti ina upande, zile springi za katikati zilizotokeza zinaangalia giaboksi, ukigeuza kila kitu kitafungika vizuri tu ila klachi haitafanya kazi na utashusha tena kila kitu. Niliangalia mara tatu. Nikaingiza ile fimbo ya plastiki ya kulenga katikati, nikakaza presha pleti kwa nyota (bolti zinazotazamana kwa zamu), mzunguko mmoja mmoja, mpaka Nm 18 hadi 26. Grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti ya giaboksi inayoingia ndani ya pleti, kidogo yaani kama unapaka mafuta ya mdomo, ikizidi inarushwa kwenye lainingi mpya na umeumia.

Saa mbili usiku Jumamosi tukaanza kupandisha giaboksi. Ikaingia vizuri, ikaingia, ikasimama. Imebaki sentimita moja. Tukatikisa, tukasukuma kwa miguu, tukashusha tukaangalia tukapandisha, sentimita moja ileile. Saa tano usiku nimeshakua na wazo baya, nikamwambia shemeji tuweke bolti mbili tuivute nazo taratibu itaingia yenyewe.

Akaniangalia. "Shem, ukivuta na bolti leo, kesho tunatafuta giaboksi nyingine."

Alikua sawa. Ile aluminiamu inapasuka pale kwenye masikio ya bolti, na hata isipopasuka unapinda pleti uliyotoka kununua. Tukaenda kulala, mimi sikulala, nilikua naiona ile sentimita darini.

Asubuhi nikampigia mzee. Akauliza, meno ya shafti yamelengana na ya pleti? Sijui. Zungusha mkia wa giaboksi kidogo huku mwenzio anasukuma. Nikazungusha, shafti ya mbele haizunguki, kwa sababu giaboksi iko nyutro na fimbo nimeshatoa. Hilo ndo kosa langu. Kama ningeiacha kwenye gia, ukizungusha mkia na mbele inazunguka. Ikabidi tuzungushe injini badala yake, mimi mbele na soketi ya 21 kwenye puli ya krenki, kidogo kidogo upande wa saa, shemeji chini anasukuma. Bado. Alafu shemeji akafanya kitu ambacho sikufikiria, akapitisha vidole kuzunguka lile pengo lote. "Juu kidole kinaingia. Chini hakiingii."

Kumbe tulikua tunaisukuma ikiwa imeinamisha mkia. Macho yote mawili yalikua yanaangalia pembeni ambako pengo lilionekana sawa. Nikapandisha mkia wa giaboksi kwa jeki kama milimita chache, yeye vidole bado viko kwenye pengo anasema juu, juu kidogo, basi, nikarudi kwenye puli nikazungusha nusu robo, na ikaingia. Tlok. Haikuhitaji hata nguvu, shemeji alikua ameiwekea kiganja tu. Tulikaa kimya kama sekunde kumi alafu tukaanza kucheka kama wendawazimu chini ya gari.

Kilichobaki kilikua kurudisha kinyumenyume, pamoja na bolti mpya mahali pa ile iliyokosekana, raba mpya ya fimbo, na oili mpya ya GL-4 75W-90. Fremu nikairudisha kwenye mistari yangu nyeupe nikakaza. Safari ya kwanza gari ikawa inatetemeka kwenye fimbo kuanzia kama kilomita 90 kwa saa, nikarudi chini, kumbe upande wa giaboksi nilikaza fremu ikiwa imeshuka nje ya mstari kama upana wa kalamu. Nikalegeza, nikainua na jeki, nikakaza tena ikatulia.

Kilomita 500 za kwanza niliendesha kama nimebeba mayai, hakuna kuondoka kwa fujo, hakuna kushikilia gari na klachi kwenye kilima, lainingi inatakiwa ikae na uso wa flaiwili kwanza. Pedali ni nyepesi mpaka siku mbili za kwanza nilikua nazimisha gari kwenye kila taa, inashika chini karibu na sakafu wakati ile ya zamani ilikua inashika juu kabisa. Jana nimepanda kilima kilekile, gia ya nne, nikakanyaga mafuta, mshale wa RPM na wa spidi vikapanda pamoja polepole kama watu wawili wameshikana mikono.

Kuna bolti ya 12 imebaki kwenye kopo. Shemeji anasema ni ya bati la kukinga joto la ekzosi, na kweli kuna kitu kinagongagonga chini injini ikiwa baridi. Jumapili nitaingia tena.