Kigimbi kilisinyaa baada ya plasta, hivi ndo nilivyokirudisha

Siku wananikata plasta ya mguu uliovunjika baada ya wiki sita nilishtuka aisee. Kigimbi cha kushoto kimelegea kama si changu, nikachukua tepu nikapima, kulia sentimita 37, kushoto 34, halafu nikajaribu kusimama kwa mguu huo mmoja ninyanyue kisigino, wapi, hakitoki chini kabisa. Nikajua nyama zimekufa.

Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ndo akanituliza, akanambia hazijafa, zimekonda. Kumbe kila uzi wa msuli ni seli moja ndefu yenye viini vingi, ndani yake zimepangana protini mbili, aktini na miosini. Amri ya ubongo ikishuka kwa neva, kalsiamu inamwagika ndani ya uzi, basi vichwa vya miosini vinadaka aktini, vinavuta, vinaachia, vinadaka tena mbele, kama watu wanaovuta kamba mkono kwa mkono, na kamba ya aktini yenyewe haifupiki, zinapishana tu mpaka msuli mzima unafupika. Usipoutumia, mwili unapunguza hizo protini, uzi unakuwa mwembamba. Hapo nikapata nguvu ya kuanza.

Daktari alishasema mfupa umeunga, so nikaanza na mazoezi ya kunyanyua visigino. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa, wa juu una nyuzi mchanganyiko, za haraka na za taratibu, wa chini yake, soleasi, zimejaa za taratibu, zile nyekundu zisizochoka upesi, ndo zinakushikilia ukisimama muda mrefu. Goti likinyooka wote wawili wanavuta, likikunjwa kazi kubwa inabebwa na soleasi, kwa hiyo nilikuwa nafanya nimesimama halafu nafanya tena nimekaa, ukifanya ya kukaa tu, ule msuli wa juu unabaki nyuma.

Kilichonisaidia zaidi ni kunyanyua visigino vya miguu yote miwili nikishika ukuta, kisha kushuka na wa kushoto peke yake, polepole, nahesabu mpaka tano. Msuli unaobeba mzigo huku unarefuka unafanya kazi ngumu sana, keshokutwa yake kushuka ngazi ni mateso, na hayo maumivu si asidi kama wengi wanavyosema, ni nyuzi zimepata michubuko midogo na zinajitengeneza. Nilikuwa napumzika siku moja katikati.

Wiki ya tatu kisigino kikanyanyuka mara moja! Nikakimbilia tepu, bado 34 ile ile, nikaishiwa pozi. Fizio akasema ndo kawaida, nguvu za mwanzo zinatoka kwenye neva, zinajifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja, unene unakuja baadaye, na kweli mwezi wa pili ndo tepu ikaanza kusogea, 35, kisha 36. Wengi nadhani wanakata tamaa hapo hapo kwenye wiki ya tatu, kwa sababu wanaangalia tepu tu.

Sasa ni mwezi wa sita. Kulia nanyanyua mara 25, kushoto 22, na jana jioni kwenye ile ya 22 kisigino kilitetemeka lakini kilifika juu.