Daftari la majina 43

Wiki ya Maulidi, mji wa Lamu hujaa hadi barazani. Wageni hutoka Mombasa, Unguja, hata Ngazija, kuja kwenye Msikiti wa Riyadha alioasisi Habib Swaleh, na vichochoro vyetu, ambavyo hata siku za kawaida punda akipita mtu hujibana ukutani, huwa havipitiki kabisa. Mwaka ule kikundi chetu cha vijana kilibeba jukumu la maji ya kunywa siku ya zafe, yaani maandamano ya Maulidi, na mimi nikatwishwa kutafuta watu wa kujitolea.

Nilizunguka wiki mbili na daftari: madrasa, kiwanja cha mpira, baraza za Langoni. Nikapata majina 43. Kila ukurasa ulipojaa nilifurahi. Sikumuuliza hata mmoja anaweza kazi gani, wala ana nafasi saa ngapi.

Siku ya matayarisho walifika 38, saa mbili asubuhi, pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome. Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa ya watu 12: kusugua mapipa, kuteka maji, kuosha vikombe. Waliobaki nikawaambia, "Subirini kidogo." Kisha nikatoka mbio kwenda gatini kufuatilia barafu. Niliporudi adhuhuri imeshaadhiniwa, na chini ya mti wa mkungu walikuwa wamebaki 9.

Jioni mama mmoja alinisimamisha mlangoni kwake.

"Mwanangu aliamka alfajiri, akanyoosha baibui lake mwenyewe. Amekuja kuwahudumia wageni wa Mtume. Umemuweka juani muda wa saa nne, hukumpa hata kikombe ashike. Ni haki hiyo?"

"Si haki, mama. Nisamehe."

Mpaka leo naliona lile "subirini" kuwa kosa kubwa kuliko barafu kuchelewa. Mtu wa kujitolea hana mshahara wa kumfunga. Kinachomshika ni kujua kwamba asipokuja, pahali fulani pana pengo.

Usiku ule nilipiga hodi nyumba kwa nyumba, daftari kwapani. Niliomba radhi kwanza, ndipo nikauliza. Kumbe kijana mmoja ni mvuvi, hawezi kufika kabla ya saa tano. Mwingine msongamano wa watu humtia kizunguzungu, lakini hati yake nzuri, nikamwachia orodha. Tukagawana wawili wawili, saa mbili mbili, na kila mtu nikamwandikia kikaratasi: pipa lako lipo hapa, atakayekupokea ni fulani. Upande wa wanawake, kando ya Ngome, nikawapa mabinti.

Siku ya zafe, matari yakirindima ufuoni, nilimkuta yule binti wa baibui lililonyooshwa ameshika kata, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, foleni ya akina mama mbele yake. Saa zake zilikuwa zimepita. Nikamwambia apumzike, nishike mimi.

"Nawe nenda kwako," alisema, hakuinua hata macho. "Atakayenipokea nimeandikiwa, na si wewe."