Oscar Peterson akipiga polepole

Mtajie mpenzi wa jazi jina la Oscar Peterson, mpiga piano wa Kanada, cha kwanza atakachokusimulia ni kasi. Ni kweli, vidole vya yule bwana vilikimbia, na wapo waliomkosoa miaka yote kwamba anajaza noti nyingi mno. Mimi napiga kinanda kanisani, na Peterson wangu ni yule wa "Hymn to Freedom" (Wimbo wa Uhuru), wimbo wa taratibu unaofunga albamu ya Night Train.

Aliurekodi Desemba 1962 mjini Los Angeles, Ray Brown akiwa kwenye besi na Ed Thigpen kwenye ngoma. Mtayarishaji wake, Norman Granz, alitaka kitu chenye ladha ya bluzi za zamani. Peterson akachota alikolelewa, kwenye nyimbo za kiroho alizozisikia kanisani utotoni, Montreal. Wakati huo huko Marekani watu weusi walikuwa barabarani wakidai haki zao, na ndio uhuru unaotajwa kwenye jina la wimbo. Baadaye Harriette Hamilton akautungia maneno, na kwaya zikaupokea.

Usikilize unavyoanza. Yuko peke yake, hana haraka wala mbwembwe. Mikono yote miwili inatembea pamoja kama kwaya ya sauti nne, na kila mstari ukiisha anaacha nafasi, kana kwamba anawasubiri waumini waitikie. Besi na ngoma zinaingia kwa adabu. Kisha anapandisha kidogo kidogo, beti kwa beti, hadi piano nzima inatetemeka chini ya vidole vyake. Hapo ndipo zile noti nyingi zinapopata kazi yake, na mimi siwezi kuziita fujo: ni mtu aliyeanza kuomba kwa kunong'ona, sasa amepaza sauti.

Nimeupiga mara nyingi kabla ya ibada. Noti za mwanzo hata mwanafunzi anazimudu. Kazi ipo kwenye zile nafasi, kuuacha mkono utulie wakati masikio ya watu yanakungoja.

Utulivu huo haukuja bure. Peterson alizaliwa 1925, mtoto wa mhudumu wa treni za Canadian Pacific aliyesimamia mazoezi ya watoto wake kwa ukali. Kifua kikuu kilimtoa kwenye tarumbeta, akabaki na piano, na dada yake Daisy akawa miongoni mwa walimu wake wa kwanza. Mwaka 1949 Granz akampandisha jukwaani Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa muziki New York, na tangu hapo dunia ikamjua.

Mwaka 1993 kiharusi kiliudhoofisha mkono wake wa kushoto. Wengi wangeifunga piano. Yeye alirudi jukwaani, akaendelea kupiga karibu hadi mwisho wa maisha yake, Desemba 2007, na wimbo huu aliendelea kuupiga. Anayetaka kumjua Peterson namshauri aanzie hapa, zile za mbio zitafuata.