Nilivyowasafirisha wazee wawili kutoka Mtwara hadi Ndundu wakiwa wamekaa kwenye viti

Mwaka juzi jamaa mmoja anayejishughulisha na watalii alikuja gereji kwangu hapa Magomeni, Mtwara. Akalizunguka bodi la Peugeot 404 nililoliokota kwenye shamba la mikorosho njia ya Newala, akapiga picha mbili tatu, kisha akanishauri: "Fundi, weka kibao uandike gari la Shankland. Nani atakuja kukagua?" Nilimwomba atoke. Hadi leo nikikumbuka ushauri ule damu inachemka, maana miaka yote hii mimi na wenzangu watatu tunahangaika Jumamosi kwa Jumamosi kukusanya habari za kweli za magari na barabara za kusini, na mtu anataka tuziharibu kwa kibao kimoja cha uongo.

Kwa vijana wasiomjua: Bert Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, na ndiye aliyeshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na 1967, mfululizo, akiwa na Chris Rothwell pembeni yake, ndani ya Peugeot 404. Mashindano yenyewe yalianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa yanafanyika Pasaka, masika yakiwa yamekolea, na hapo ndipo gari lilipojulikana kama ni gari. Mwaka 1963 na tena 1968 yalifika mwisho magari saba tu, na mara zote mbili dereva Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff waliongoza, nao pia kwa 404. Ndiyo maana wazee wa rika la baba yangu wakitamka "nne sufuri nne" wanaitamka kama jina la mtu wanayemheshimu.

Sasa niseme ukweli wangu kuhusu lile bodi, kwa sababu mimi mwenyewe niliamini kwa miezi mitatu. Mwenye shamba alinihakikishia kwamba baba mkwe wake alilinunua Dar es Salaam kwa Wazungu wa mashindano. Nilipoona kwenye bampa la mbele matundu manne yaliyotobolewa kwa mpangilio, nikajua hizi ni taa za ziada. Nikakodi Canter, na ukijumlisha vijana wa kunyanyua, chakula na mafuta ya kurudi, ilinila kama laki nne na kitu. Usiku ule sikulala. Nilikuwa naliona gari lile likitoka Nairobi na namba mlangoni.

Mwenzetu aliyekuwa fundi bodi tangu zamani alikuja Jumamosi, hakusema neno, akachukua tepu. Akapima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma: sentimita 284. Akaniambia, "Gari la mashindano lilikuwa saluni, na 404 ya saluni ni 265. Hili ni stesheni wagoni, mwanangu, limekatwa nyuma likafanywa pikapu." Nikabisha. Nikamwambia labda walirefusha. Akafungua boneti akanionyesha penye kabureta. 404 ya Shankland ilikuwa ya injekisheni, isiyotumia kabureta, yenye pampu ya nozo kwenye injini ya petroli, jambo la ajabu kwa zama zile. Langu halikuwahi kuwa na pampu. Na yale matundu manne? Siku chache baadaye mtoto wa yule baba mkwe alipokuja akayatambua: baba yake alifunga chuma cha kuning'iniza madebe ya maji, kwa kuwa juu kule kwenye uwanda wa Makonde maji yalikuwa ya shida na gari halikuondoka bila madebe. Gari hilo lilibeba maji, korosho na wagonjwa wa kupeleka Ndanda.

Basi bodi lipo, lina kibao, na kibao kinasema hivyo hivyo: 404 ya familia, lilikatwa nyuma, lilibeba maji. Watu wanasimama kulitazama zaidi ya nilivyotegemea, hasa kina mama, kwa sababu wanayakumbuka yale madebe. Ukitaka kununua 404 ya kuhifadhi, nenda na tepu kabla ya kwenda na pesa.

Ila pigo lile ndilo lililonifungua macho. Tulikuwa tunatafuta sifa za mashindano ya watu wa Nairobi na Dar, na huku kwetu wapo watu waliopita tope lile lile, kwenye masika yale yale, wakiwa na tani saba za korosho mgongoni, bila saa ya kuwapimia na bila kombe. Na walipita kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Reli ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa 1947, kutoka bandarini hadi Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya karanga zenyewe kushindwa. Tuta lake bado unaliona ukijua pa kutazama. Reli ilipoondoka, mzigo wote ukaangukia lori. Na lori la kwenda Dar lilikuwa na mto Rufiji mbele yake, kivuko cha Ndundu, hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kiliendelea kutesa watu miaka mingi. Mimi mwenyewe nimelala pale ndani ya basi.

Kwa hiyo tukaamua kurekodi madereva. Hapa nikapewa ushauri wa pili mbaya. Mtu mmoja msomi alituambia tuandae fomu ya maswali, tumpe kila mzee posho, tujaze majibu. Tulifanya. Tuliwafuata wazee tisa, Mtwara, Mikindani hadi Mnazi Mmoja ya Lindi. Unamuuliza, "Barabara ilikuwaje, babu?" anajibu, "Ilikuwa mbaya sana." "Mlikaa siku ngapi njiani?" "Nyingi." Anapokea elfu kumi yake, anakuaga kwa adabu. Fomu tisa, zote zimejaa, na ndani yake hakuna kitu. Mzee mmoja aliyeendesha Bedford na baadaye Scania zaidi ya miaka 30 alinipa maneno yasiyofika nusu ukurasa. Nilirudi nyumbani nimekasirika, si kwa yule mzee bali kwa ile fomu. Mtu aliyetumia maisha yake akitazama barabara, unamkalisha kwenye mkeka akutazame wewe na karatasi?

Dawa ilikuja kwa bahati. Yule mzee wa Scania alipita gereji kusalimia, na siku hiyo hiyo alikuwepo mzee mwingine, mdogo wake kwa miaka saba hivi, aliyekuwa utingo wake. Hawakuwa wameonana muda mrefu. Walisalimiana, wakataniana, mmoja Mmakonde mwingine Myao, kisha nikawatolea viti viwili vya gari vilivyokuwa vimeegemezwa ukutani. Niliviweka kando kando vikitazama mlango wa gereji. Utingo akakaa cha kulia. Yule dereva akabaki amesimama. Nikamkaribisha, "Kaa, mzee." Hakukaa. Akamwambia mwenzake kwa upole kabisa, "Hapo kwangu." Utingo akanyanyuka mara moja, akazunguka nyuma ya viti, naapa alizunguka nyuma, hakukatiza mbele, akakaa kushoto. Dereva akakaa kulia. Wote wawili wakawa wanatazama mlango.

Nikasema tu, "Haya, tunatoka Mtwara, tuna korosho, tunakwenda Dar. Mwezi wa tatu."

Jamani. Yule mzee wa nusu ukurasa alizungumza saa tatu. Kuanzia Mikindani, kwenye kupanda, mkono wake wa kushoto ulikuwa unashika gia isiyokuwepo. Kila walipofika pahali anasema "shuka," na utingo anaeleza alichofanya: hapa anatangulia kwa miguu kupima kina cha maji kwa fimbo, hapa anakata matawi ya kutandika kwenye mchanga, hapa anafunga minyororo kwenye matairi. Mingoyo, wakavuka mto Lukuledi. Wakafika mto Mbwemkuru, na pale ndipo ugomvi ulipoanza. Dereva alisema walilala Kiranjeranje. Utingo akasema hapana, hatukufika Kiranjeranje, tulilala Mbwemkuru upande wa huku kwa sababu maji yalikuwa juu ya daraja, na wewe ulikuwa na homa, nilikukorogea uji. Dereva akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kweli. Ule uji ulikuwa wa muhogo." Habari hiyo ningeipata kwenye fomu gani?

Tukavuka Mavuji, tukafika Nangurukuru, tukavuka Matandu. Somanga tukakwama, na walivyoeleza kukwama kule, nilikuwa natazama sakafu ya gereji kana kwamba nitaona tope. Walikuwa magari mengi, wakasaidiana kuvutana moja moja, na sheria ilikuwa kwamba aliyevutwa haondoki mpaka amemvuta wa nyuma yake. Walipofika Ndundu kivuko kilikuwa ng'ambo, na dereva akavuta breki ya mkono kwa mkono wake mtupu, akasema, "Tumefika. Zima." Nikazima simu iliyokuwa inarekodi.

Tangu siku ile hatujatumia fomu tena. Tumesharekodi jozi saba. Lazima iwe jozi. Dereva peke yake anajisifu, utingo peke yake analalamika, ila wakiwa wawili mmoja anamrekebisha mwenzake na ukweli unajitokeza katikati. Ukitaka kufanya hivi kwenu, viti viwe vya gari, si vya plastiki. Mkanda wa usalama uondoe, zama zao haukuwepo. Usiwatazame usoni, kaa nyuma yao kama abiria. Na simu iwe imejaa chaji. Mara moja ilinizimikia tukiwa katikati ya Mbwemkuru, nikapoteza daraja lote, na wazee hawakukubali kurudia kwa sababu "tumeshapita".

Jambo jingine la kuangalia ni maili. Wazee hawa wanahesabu kwa maili hata leo, na hawakwambii. Mzee anasema "kutoka pale kama ishirini hivi," wewe unaandika kilomita 20, ramani yako yote inapotea. Niliharibu mchoro wa njia ya Masasi kwa namna hiyo, Nyangao ikaangukia pahali pasipo na mtu. Sasa namuuliza kila mmoja, "Ishirini za mawe au za vibao?" Wanajua maana yake: zamani kulikuwa na mawe ya maili, vibao vya kilomita vilikuja baadaye.

Picha nazo zilitutesa. Mjane wa dereva mmoja wa Lindi alitupa bahasha ya picha za zamani, zimelowa na joto la pwani limezigandisha. Mpiga picha mmoja akasema zianikeni juani. Tukaanika tatu. Zilijikunja kama majani makavu, na tulipojaribu kuzifungua uso wa picha ukabaki kwenye picha ya pili. Moja ilikuwa ya lori likiwa juu ya kivuko. Nimeumia na picha ile kuliko pesa yoyote niliyopoteza. Zilizobaki, mwalimu mmoja mstaafu alituelekeza tuziloweke kwenye beseni la maji safi, tungoje, zikianza kulegea tuzitenganishe taratibu zikiwa ndani ya maji, kisha tuzilaze kivulini uso ukiwa juu. Picha nane zilipona. Hizo ni picha za zamani zilizosafishwa dukani. Za kuchapwa kwa kompyuta usithubutu, wino utakimbia. Na kabla hujagusa chochote, piga picha kwa simu kwanza, hata kama imeganda. Sasa tunazihifadhi kwenye bati la biskuti, karatasi nyeupe katikati ya kila picha, juu ya rafu ya chuma kwa sababu ya mchwa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na jozi ya saba, njia ya Masasi kwenda Tunduru, wazee wote wawili wamepita miaka sabini. Dereva alikuja mapema, akakaa kiti chake, akajaribu kioo kisichokuwepo. Utingo alichelewa. Alipofika nilimwona amebeba kitu kwapani, amekifunga kwenye gunia. Aliamkiwa na vijana wa gereji, akaitika marahaba, kisha akafungua lile gunia akatoa gogo la mninga lililochongwa upande mmoja, limekuwa jeusi kwa mafuta. Lilikuwa kabari lake la kuzuia tairi, amekaa nalo nyumbani tangu alipoacha kazi.

Akazunguka nyuma ya viti, akainama kwa shida, akaliweka nyuma ya mguu wa kiti cha dereva. Kisha akaenda upande wake wa kushoto, akakaa, akasema, "Nimeweka. Washa."